Kuongeza RAM na kubadilisha diski kwenye Synology DS920+

Synology DS920+ ni kifaa cha kuhifadhia data kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisi ndogo, kilichoingia sokoni mwaka 2020. Kina nafasi nne za diski, prosesa ya Intel Celeron J4125 na RAM ya gigabaiti 4. RAM hiyo imelehemewa kwenye ubao mkuu, kwa hiyo haibadilishwi. Huongezewa nyingine katika soketi moja iliyoachwa wazi.

Soketi hiyo hupokea RAM ndogo ya DDR4 ya aina inayotumika kwenye kompyuta mpakato. Kiwango cha juu kinachotambuliwa na mtengenezaji ni gigabaiti 8, yaani 4 za asili na 4 za nyongeza. Wapo waliopachika kipande cha gigabaiti 16 na mfumo ukakisoma, lakini hapo mwenye kifaa hutoka nje ya kile ambacho kampuni imekithibitisha.

Kifaa huzimwa kwanza kupitia mfumo wake, kisha waya wa umeme huchomolewa. Diski hutolewa zote na kuwekewa namba, ili kila moja irudi mahali pake. RAM huingizwa kwenye soketi kwa kuinamishwa, halafu husukumwa hadi vibanio vya pembeni viishike. Kifaa kikiwaka, jumla ya RAM husomwa kwenye mipangilio, na programu ya Synology Assistant hutumika kuipima. RAM yenye hitilafu ni ya hatari, kwani huweza kuharibu faili bila dalili yoyote.

Faida huonekana pale programu nyingi zinapofanya kazi kwa pamoja: kompyuta pepe, hifadhidata, au upangaji wa maelfu ya picha. Kunakili faili kubwa hakuongezeki kasi, kwa sababu milango ya mtandao ya kifaa hiki ni ya gigabiti 1 kwa sekunde, sawa na megabaiti 125 kwa hesabu ya karatasini.

Diski, tofauti na RAM, hubadilishwa kifaa kikiwa kinafanya kazi, moja baada ya nyingine. Diski ya zamani husimamishwa kwenye mfumo, huchomolewa, na mpya yenye ukubwa sawa au zaidi huwekwa. Kisha mfumo huamriwa kujenga upya data, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Haiguswi diski nyingine kabla ya kazi hiyo kukamilika: katika mpangilio unaovumilia kufa kwa diski moja, ya pili ikifa wakati huo data yote hupotea.

Nafasi haiongezeki papo hapo. Diski nne za terabaiti 4 katika RAID 5, mpangilio wa namna hiyo, hutoa terabaiti 12, na hubaki hivyo hadi zote nne zibadilishwe. Katika SHR, mpangilio wa Synology wenyewe, diski mbili za terabaiti 8 zikiingia, nafasi hufika terabaiti 16. Diski za SMR, ambazo njia zake za data hupandana, ziepukwe, kwa kuwa hurefusha mno ujenzi upya wa data.

RAID hulinda dhidi ya diski kufa tu. Haizuii wizi, moto wala faili kufutwa kimakosa. Nakala kamili ya data kwenye kifaa kingine itangulie kazi yote hii.