Mbwa wa Malaria Hafai Kila Mahali

Mbwa anaponusa soksi ya mtoto mwenye malaria, kinachomfikia puani ni kemikali ambazo ngozi hutoa kimelea kikiwa mwilini. Ushahidi wa mapema wa jambo hili ulitoka hapa kwetu, Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Katika utafiti uliochapishwa 2005, watoto walilala watatu watatu, kila mmoja na hema lake: mmoja hana vimelea, wa pili anavyo lakini havijakomaa, wa tatu anavyo vilivyo tayari kumwambukiza mbu. Mbu walinaswa njiani kabla ya kumfikia mtu. Waliomfuata wa tatu walikuwa karibu mara mbili ya waliowafuata wenzake, na alipotibiwa tofauti ikatoweka.

Hatua ya mbwa ilifanyika kwa soksi za Gambia. Watoto walioonekana wazima walipimwa damu, wakavaa soksi za nailoni usiku kucha. Soksi ziligandishwa, zikapelekwa Uingereza kwa shirika la Medical Detection Dogs. Mbwa alipita mbele ya mitungi yenye vipande vya soksi. Akiganda mbele ya mmoja, amepata. Mkufunzi naye hakuambiwa mtungi upi una nini, na hapo ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa sababu mbwa ni hodari wa kusoma uso wa bwana wake. Kati ya soksi 175, za wenye malaria zilikuwa 30. Mbwa walitambua asilimia 70 ya hizo, na asilimia 90 ya zile safi wakazipita.

Magazeti yalishangilia. Sasa mlete mbwa huyo uwanja wa ndege wa Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako malaria si nyingi. Tuseme, kwa mfano tu, abiria 1,000 wanapita na 20 kati yao wana vimelea. Atawanasa 14, sita watampita. Lakini kwa wale 980 wasio na kitu, atawasimamisha 98. Watu 112 kwenye foleni ya kutobolewa kidole, na wenye malaria ni 14! Kwa soksi za Gambia, pua hiyo hiyo ilipata 21 za kweli dhidi ya 14 hivi za uongo.

Kwa hiyo Eldoret haimhitaji. Mpakani Busia, penye malaria nyingi, anaweza kufaa, mradi kila anayesimamishwa apimwe damu papo hapo kabla ya kupewa dawa.