«Udongo wa babu hauuzwi»: neno tunalokumbuka tukiisha kula feza

Tukiandika juu ya desturi zetu, mara nyingi tunaandika juu ya ngoma, mahari, majina ya watoto na matanga. Ni vizuri. Lakini kuna neno moja la desturi ambalo siku hizi linatajwa mbele ya kapita, mbele ya polisi na mbele ya tribinali, na hakuna anayelichunguza. Ni neno hili: «Udongo wa babu hauuzwi.» Nataka tulipime pamoja, wapendwa wasomaji, kwa sababu linasemwa sana kule Baraka, pembeni ya ziwa, nafasi ambapo udongo wa babu unauzwa kila siku.

Sisi wa Lubondja tunaposhuka Baraka tunaona kuta mpya za matofali, mageti ya chuma, mabati yanayong'aa. Tunasema: mji unaendelea. Ni kweli unaendelea. Lakini tuulize pia: nani alikaa pale mbele, alikwenda wapi, na aliondoka kwa mapatano gani?

Bei ilipandaje

Baraka ni nafasi ya biashara tangu zamani. Jina lenyewe ni la Kiswahili, lugha iliyofika katika ziwa letu pamoja na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19. Hata hivyo, kwa miaka mingi mchanga wa pembeni ya maji ulikuwa wa kazi tu: kuvuta mitumbwi, kuanika ndagala, kufua, kuchota maji. Watu walikuwa wanaishi huko kwa sababu ya kazi yao.

Vita vya 1996 na vya 1998 viliwafukuza watu. Wengi walivuka ziwa, wakakaa Nyarugusu, Lugufu na kambi nyingine za Kigoma. Mwezi wa Oktoba 2005, HCR ilianza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Pamoja nao mashirika yalikuja, na mashirika yalihitaji ofisi, depo, nyumba za kulala na nafasi ya magari. Yalilipa kwa dola. Wafanyabiashara wa samaki, wa vitenge na wa dhahabu ya Misisi nao wakaona kwamba parsele ya Baraka ni akiba. Halafu mwaka 2013 amri ya serikali ikaipa Baraka cheo cha mji, ingawa ilichukua miaka kadhaa kabla ya meya kuonekana. Kuanzia hapo, hata mzee aliyekuwa na kibanda cha udongo alijua kwamba anakalia dola.

Ndipo mauzo yakaanza kuwa mengi, na mengi yalikuwa ya namna tatu. Ya kwanza: mtu aliyekalia parsele ya mkimbizi aliiuza wakati mwenyewe bado yuko Tanzania. Ya pili: kaka mkubwa aliuza nyumba ya baba kwa jina la watoto wote, na wadogo wakasikia habari kwa majirani. Ya tatu: mume aliuza bila mke kujua, ao mashemeji waliuza na kumwambia mjane afunge virago. Katika hizo tatu, anayeumia anasimama na kusema: «Udongo wa babu hauuzwi!» Ana haki ya kulalamika.

Lakini neno hilohilo linasemwa pia na muuzaji mwenyewe. Aliuza kwa bei ndogo, feza ikaisha kwa pikipiki na kwa arusi, na baada ya miaka mitano anaona nyumba ya ghorofa imesimama palepale. Sasa yeye ao watoto wake wanakumbuka babu. Wanataka kuongezewa, ao kurudishiwa. Hapa ndipo ninapotoa lawama yangu. Siku ya kuuza babu hakuitwa. Anaitwa siku ya majuto, kama shahidi wa uongo. Kwa kutumika hivyo desturi yetu imekuwa ujanja, na wageni wameanza kusema kwamba neno la mtu wa Fizi halina mwisho.

Desturi yenyewe ilisema nini?

Wengine wanafikiri kwamba zamani hakuna mgeni aliyepata udongo kwetu. Si kweli. Udongo ulikuwa wa ukoo: wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Mtu mmoja hakuweza kuukata na kuutoa. Lakini mgeni alipokelewa. Alikuja na kuku ao mbuzi na kinywaji, akapelekwa katika lubunga, lile banda ambamo wanaume waliketi kwa kula na kwa kukata maneno. Pale aliulizwa ametoka wapi na anatafuta nini. Wakikubali, walimwonyesha mipaka mchana, watu wakitazama: kijito hiki, mti ule. Majirani walikula pamoja naye. Hakununua udongo, alikalishwa juu yake. Watoto wake waliweza kulima na kujenga pale, na akihama udongo ulirudi kwa ukoo.

Basi nguvu ya desturi ilikuwa katika kuzuia kutoa kwa siri. Kila mtu aliyeguswa alikuwa amesikia kabla ya mbuzi kuchinjwa. Ndiyo maana baada ya miaka 30 bado kulikuwa na watu wa kusema: «Nilikuwapo.»

Tusiisifu kupita kiasi, hata hivyo. Katika lubunga mama hakuwa na kiti. Mjane alisemewa na ndugu za mume, na mara nyingine walisema yaliyowafaa wao. Kulikuwa pia na wazee waliokula mbuzi wawili kwa udongo mmoja. Anayetaka kurudisha desturi aseme ni sehemu gani anayoirudisha.

Na leta inasema nini?

Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inakamilika kwa hati ya uandikisho, ile tunayoita sertifika. Juu ya udongo unaokaliwa kwa desturi, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki za wenyeji. Miaka zaidi ya 40 ilipita na ahadi ikabaki katika karatasi. Kwa hiyo mwananchi wa Baraka alisimama katikati: kwa babu haruhusiwi kuuza, kwa leta udongo si wake, lakini sokoni kuna mtu mwenye dola mkononi.

Katika nafasi hiyo aliingia komisionere. Yeye anamjua muuzaji, anamjua mnunuzi, na anachukua sehemu yake pande zote mbili. Karatasi inaandikwa jioni, mashahidi ni rafiki zake, na sahihi ya mke haimo. Lakini Sheria ya Jamaa ya 1987 inataka mapatano ya mume na mke kwa kuuza nyumba, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Ni wangapi kati yetu, hata sisi tuliosoma, tunaowaeleza mama zetu jambo hilo?

Tujue pia kwamba sertifika ikiisha kupita miaka 2 haipingwi tena kwa urahisi. Mtu aliyekaa Nyarugusu miaka 10 anaweza kurudi na kukuta mlango umefungwa kwa kufuli ya sheria. Kwa yeye, kupiga kelele juu ya babu hakusaidii. Mashahidi wangemsaidia.

Wenzetu wa pwani

Lugha yetu ilitoka pwani ya bahari, na kule jambo hili lilitangulia. Kisiwani Lamu, katika kijiji cha Shela, Wazungu wamenunua nyumba nyingi za zamani za mawe, wakazitengeneza vizuri sana, na wengi wanazikalia miezi michache tu kwa mwaka. Lamu iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Sifa hizo zilileta watalii, na watalii wakaleta bei. Kuta zilipona. Lakini kijana aliyezaliwa ndani ya kuta hizo hawezi tena kununua hata chumba.

Hata hivyo wenzetu wana mambo mawili ya kutufundisha. La kwanza ni wakfu: mtu anaifunga nyumba yake kwa ajili ya uzao wake ao msikiti, na kuanzia hapo hairuhusiwi kuuzwa. La pili ni kukodisha kwa miaka. Kenya, tangu katiba ya 2010, mtu wa nchi nyingine hawezi kupata udongo zaidi ya kukodisha kwa miaka 99. Ni sawa na ile desturi yetu ya kukalisha mgeni: anafaidi, lakini udongo una mwenyewe.

Nani anapona?

Waswahili wanasema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Tuangalie Baraka kama mwenyeji anapona. Mvuvi aliyeuza anahamia juu, mbali na mtumbwi wake. Ukuta mpya unafunga njia ya kwenda majini, na mama mwenye beseni anazunguka. Anayeanika ndagala anatafuta mchanga na haupati. Mji unapata nyumba nzuri na unapoteza kazi iliyoulisha.

Mnunuzi naye asijivune. Ziwa Tanganyika lina kumbukumbu ndefu. Karibu na 1878 lilipanda sana kabla ya maji kufungua njia yake ya Lukuga, halafu likashuka kwa metre nyingi. Mwaka 2021 na tena 2024 lilipanda na kuingia katika nyumba za watu toka Uvira mpaka Kalemie. Wazee waliojenga kwa miti na udongo karibu na maji walijua kwamba siku moja watasogea. Jumba la matofali halisogei.

Najua jibu la wengi: «Mwalimu, mtoto akiwa mgonjwa nitauza nini?» Ni swali la haki. Ninafundisha sekondari, masomo ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado wazazi wanalipa, na ninajua kwamba nyuma ya minervali fulani kuna parsele iliyouzwa. Sitamhukumu mzazi huyo. Ninachoomba ni kwamba asiuze peke yake usiku.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mauzo ya nyumba yasomwe mchana mbele ya ukoo na majirani wa pande nne, na mke ao mjane aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Pili, majina ya waliokuwapo yaandikwe katika daftari la mtaa, si katika karatasi ya komisionere tu. Tatu, anayeweza kupangisha kwa miaka 10 ao 20 asiuze. Nne, njia ya kwenda majini na mchanga wa ndagala visihesabiwe ndani ya parsele ya mtu yeyote.

Tukifanya hivyo, lubunga litakuwa limerudi, safari hii mama akiwa na kiti. Na yule atakayekuja baadaye kusema kwamba udongo wa babu hauuzwi, tutafungua daftari tumwonyeshe alikuwa ameketi wapi siku ile.