Uchambuzi: Jinsi Treni ya Kibera Ilivyopewa Macho

Januari 2009, mwaka mmoja baada ya vijana kung'oa reli Kibera, jijini Nairobi, katika ghasia za uchaguzi, msanii Mfaransa anayejiita JR alibandika macho ya wanawake wa mtaa huo kwenye mabehewa ya treni inayopita pale. Pua na vinywa vyao alivibandika kwenye mabati yaliyopangwa mteremkoni, chini ya reli. Treni ilipopita, kufumba na kufumbua, macho yalikuta vinywa na nyuso zikakamilika. Ujumbe wa kazi ile umesifiwa vya kutosha. Nataka kuuchambua ufundi wake, maana sisi tunaopiga picha kwa kujifurahisha tuna mengi ya kujifunza humo.

Tuanze na ukubwa. JR alifunika pia mapaa ya nyumba yenye eneo la takriban mita za mraba 2,000. Mtu hudhani kazi kama hiyo yataka kamera ya bei ya gari. Hapana. Jicho zima la binadamu, likitazama kitu kilicho umbali wa mita 100, haliwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana chini ya sentimita 3 hivi. Kwa hiyo uso wa upana wa mita 10 unahitaji nukta zisizofika 350 kutoka sikio hadi sikio. Simu uliyo nayo mfukoni inazidi hapo mara nyingi. Kinachobeba picha kwa umbali huo ni weusi na weupe uliokolea, na macho yaliyofunguka vizuri. Na picha zake hazina rangi.

La pili ni vifaa. Kwingineko JR alizoeleka kwa karatasi na gundi, vitu ambavyo masika ya Nairobi yangevimaliza upesi. Kwenye mapaa ya Kibera akatumia turubai la vinili lisilopitisha maji, na wanawake wengi wakawekewa picha zao juu ya nyumba zao wenyewe. Picha ikawa sanaa kwa anayeitazama kutoka relini, na kinga ya mvua kwa anayelala chini yake. Hapo nampa heko.

La tatu, na ndilo gumu, ni kulinganisha. Macho yako juu kwenye behewa, kinywa kiko chini mteremkoni, na umbali wa kila kimoja kutoka kwako ni tofauti. Ukisogea hatua chache kando, macho yanahama pua. Tena, kabla behewa halijafika mahali pake, macho ya mama huyu hupita juu ya kinywa cha mama yule. Kimo cha macho, ukubwa wa uso na mahali pa kila bati ni mambo yanayopimika, na ilibidi yapimwe mapema. Kilichoachwa huru ni muda peke yake. Siri ya kazi nzima ni hiyo.

Sasa mwenye kamera afanyeje? Treni ikienda kilomita 20 kwa saa, husonga mita 5.6 hivi kila sekunde. Ukipiga kwa kasi ya 1/60 ya sekunde, macho yatasogea sentimita 9 na kuwa ukungu. Kwa 1/500 yatasogea sentimita moja tu, na hakuna atakayeona.

Kisha kuna betri. Kamera za kisasa zisizo na kioo ndani huwasha kihisi na skrini muda wote unaotazama. Betri ya Sony NP-FW50, kwa mfano, ina volti 7.2 na mAh 1,020, yaani wati-saa 7.3 hivi. Idadi ya picha unayoisoma kwenye kijitabu hupimwa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, unaopiga picha moja kila sekunde 30. Anayengoja treni hapigi hata moja, na betri inashuka vilevile. Betri hailiwi na picha, inaliwa na kungoja. Ukiiacha kamera ilale yenyewe, ikichukua sekunde moja kuamka, treni imeshasonga zile mita 5.6.

Dawa ni kufunga mapema kila kinachofungika. Weka fokasi na mwanga kwa mkono, zima Wi-Fi na Bluetooth, kisha zima kamera. Ukisikia honi, iwashe na uhakikishe fokasi haijahama. Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba wati-saa 37. Hata theluthi moja ikipotea njiani, unaweza kuijaza betri hiyo mara tatu stima ikipotea.

Hata pasipo treni mbinu hii inafaa. Mtaa wa Kawangware, jijini humo humo, hauna treni, lakini Barabara ya Naivasha ina matatu zilizochorwa sura za wanamuziki ubavuni. Chagua kibanda kimoja, umwombe mama mboga ruhusa, uweke fokasi kwenye kisu chake kinachokata sukuma wiki, halafu usubiri sura ya ubavuni ipite juu ya bega lake. Usikimbize gari. Wewe tulia, gari lije.

Na ukiipata, chapisha picha umpelekee mwenyewe. JR aliwaachia watu wa Kibera turubai juu ya mapaa yao. Wewe huna udhuru wa kuondoka na sura ya mtu bila kumwachia hata nakala moja.