Wito wa Askari na Jirani Azamaye Ziwani

Katika kijitabu chake cha mwaka 1526, Martin Luther aliuliza kama askari nao waweza kuokoka. Jibu lake lingali na uzito: kazi ya upanga ni tendo la upendo inapomlinda jirani. Lakini jirani aliyemwaza ni yule ashambuliwaye na adui. Azamaye majini hakumgusia humo.

Kwetu Mwanza upungufu huo si mdogo. Mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013, nayo huwaita wahitimu wa kidato cha sita. Hatuyapingi. Ila kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mwaka 2018, watu zaidi ya 200 walikufa. Na ndege ilipoanguka ziwani Bukoba mwaka 2022, wakafa 19. Huko Bukoba waliotangulia kuifikia ndege ni wavuvi wenye mitumbwi. Hao hawamo katika wito wa sheria.

Basi, Luther akisomwa ufukoni mwa ziwa, swali lageuka: si nani ashike silaha tu, bali nani afundishwe kuokoa. Mafunzo ya taifa na yashuke hadi mialoni. Nasi wachungaji tufundishe kwamba uokoaji nao ni wito.