Pongezi kwa Fundi wa Plasta ya Bafuni

Fundi anayepiga plasta juu ya bodi za saruji bafuni anastahili heshima kubwa kuliko anayoipata. Bodi hizo hazishiki plasta kama tofali, kwa hiyo huanza na praima yenye mchanga na kuiacha ikauke. Kisha viungio: hubandika utepe wa wavu usioliwa na ukali wa saruji, akaukandamiza ndani ya plasta kwa mwiko mpaka matundu yote yajae. Hapo ndipo wengi hulipua kazi, na nyufa hufuata viungio hivyo hivyo. Jipsamu haiweki karibu na shawa, maana hulainika ikiloa. Hongera, fundi! Nawe mwenye nyumba, mlipe vizuri, tena usimharakishe.