Redio za kabati: anayeziua ni kapasita, si valvu

Anayepata redio ya kabati ya miaka ya 1930, iwe Zenith ya Chicago au Philco ya Philadelphia, kwanza huchungulia valvu. Akikuta moja imeungua hukata tamaa, na akikuta zote nzima huchomeka waya ukutani ili asikie kama bado inaongea. Kukata tamaa ni haraka isiyo na sababu, maana valvu hupatikana. Kuchomeka waya ndiko kunakoua redio zilizokaa stoo salama tangu enzi za babu. Valvu nyingi za wakati ule bado zina nguvu zake. Kilichooza ndani ya redio ile ni kapasita za karatasi, na kwa nje hazionyeshi dalili yoyote.

Kabla ya televisheni, redio hizi zilikuwa samani kubwa ya sebule ya Marekani. Zilisimama sakafuni kwenye kabati la mbao, na kubwa zake zilibeba spika ya inchi 12. Karibu zote zinafuata mpango mmoja wa saketi, superheterodaini, uliobuniwa na Edwin Armstrong wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuenea kwa watengenezaji wengi baada ya kampuni ya RCA kuanza kuwapa leseni mwaka 1930. Kwa anayejifunza, hiyo ni neema. Ukiielewa chasisi moja vizuri, zilizobaki unazisoma bila taabu.

Turudi kwenye kapasita. Chukua moja ya karatasi uifungue: ganda la kadibodi lililochovywa kwenye nta, na ndani yake kuna vipande viwili virefu vya foili vilivyoviringishwa pamoja, vikitenganishwa na karatasi. Nta haizibi hewa kabisa. Unyevu umekuwa ukipenya mwaka hadi mwaka, na karatasi yenyewe ina asidi inayoila. Mwisho wake kile kilichowekwa kuzuia umeme kinaanza kuupitisha, kidogo kidogo.

Huo udogo ndio unaowadanganya watu, kwa hiyo tuupigie hesabu. Valvu ya 6F6 ilitumika sana kuendesha spika. Jedwali lake linasema: volti 250 kwenye anodi, volti 16.5 hasi kwenye gridi, na mkondo wa miliampea 34. Zidisha 250 kwa 0.034 upate wati 8.5, wakati anodi yake inastahimili wati 11. Hapo valvu imetulia. Sasa, gridi hupata volti zake hasi kupitia rezista, tuseme ya ohmu 500,000, na kwenye gridi hiyohiyo kuna kapasita ndogo inayoleta sauti kutoka valvu iliyotangulia, ambayo anodi yake ina volti mia moja au zaidi. Kapasita hiyo ina kazi moja tu, kupitisha sauti na kuuzuia mkondo mnyoofu. Ikivujisha mikroampea 20, yaani sehemu 20 za milioni ya ampea, rezista ile inazaa volti 10 chanya. Volti 16.5 hasi zinabaki 6.5. Gridi imelegeza breki, mkondo unapanda, anodi inapita kikomo chake cha joto, na mzigo unarudi nyuma hadi kwenye transfoma ya spika, valvu ya kunyoosha umeme na transfoma kuu. Transfoma ya spika imesukwa kwa waya mwembamba kama unywele, na mara nyingi ndiyo inayotangulia kukatika. Mtu atasema redio ilikufa kwa uzee, kumbe imeuawa na kadibodi yenye nta.

Multimita ya kawaida mara nyingi hailioni kosa hili, kwa sababu hupima kwa volti chache tu, na karatasi iliyooza hutulia hapo. Inaanza kuvuja ikikutana na volti mia. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba kapasita za karatasi hazipimwi, zinabadilishwa zote, moja baada ya nyingine, kwa za plastiki za volti 630. Zile bapa za kahawia zenye maika ndani ni kisa kingine. Nyingi bado nzima, na kuzigusa bila sababu ni kuharibu mpangilio wa masafa. Rezista za kaboni zipimwe moja moja, kwani ukubwa wake hupanda kwa umri. Iliyozidi asilimia 20 itoke.

Kapasita za kuchuja umeme, zile za kopo, nazo zinakwenda. Zimekauka, na dalili yake ni mvumo unaofunika sauti. Penye mikrofaradi 8 weka 10, penye 16 weka 22, basi. Anayeweka 100 akidhani anaifanyia redio hisani anailazimisha valvu ya kunyoosha umeme kumeza mkupuo wa mkondo ambao haikuumbiwa. Na hapa kuna mtego mwingine. Spika nyingi za wakati ule hazikuwa na sumaku ya kudumu. Zilikuwa na koili iliyogeuka sumaku kwa umeme wa redio yenyewe, na koili hiyohiyo ilisaidia kuchuja mvumo. Ikiwa ina ohmu 1,500 na inapitisha miliampea 70, inameza volti 105. Ukiitupa spika na kufunga ya kisasa bila rezista ya kuchukua nafasi hiyo, volti hizo 105 zinamwagika kwenye valvu zote.

Kwa Philco kazi ina utamu wake. Kapasita zake nyingi zimezikwa ndani ya vibweta vyeusi vya bakelaiti vilivyojazwa lami, na vibanio vya vibweta hivyo ndivyo vinavyoshika waya za jirani. Ukikitupa kibweta, umeivunja ramani ya chasisi. Kipashe moto taratibu, sukuma lami itoke, safisha, weka kapasita mpya ndani, kirudishe na skrubu yake. Nafanya vivyo hivyo na maganda ya kadibodi. Wako mafundi wanaosema huo ni urembo usio na faida, kwa vile hakuna atakayetazama chini ya chasisi. Sikubaliani nao. Fundi wa kiwandani aliipanga chasisi ile kwa mkono, na atakayeifungua baada yetu anastahili kuiona ilivyopangwa.

Redio isiwashwe mara ya kwanza moja kwa moja kutoka ukutani. Unganisha balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya waya unaong'aa, kwa mfululizo na waya wa redio; ya LED haifai. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, chasisi inakula umeme wake wa kawaida. Ikibaki ikiwaka vilevile, kuna njia fupi mahali fulani, na balbu imeokoa transfoma. Hata ukiizima redio, kapasita za kuchuja zinaweza kubaki na volti 300, basi zimwage chaji kwa rezista kabla ya kuingiza kidole.

Kabati linataka subira kuliko nguvu. Mbao inayopendeza machoni ni utando usiofika hata milimita moja, uliobandikwa juu ya mbao ya kawaida kwa gundi ya ngozi za wanyama. Msasa wa mashine utautoboa kabla hujasimamisha mkono. Ulipobanduka, gundi hiyo hulainika tena kwa joto na unyevu kidogo, nao unakaa mahali pake.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeletewa redio ya namna hii kutoka Marekani, limebaki suala la umeme. Transfoma ya kushusha 230 hadi 115 ni lazima, lakini haitoshi. Soma lebo ya nyuma. Ikiandikwa hezi 50-60, huna wasiwasi. Ikiandikwa 60 pekee, chuma cha transfoma yake hujaa sumaku mapema kwenye umeme wetu wa hezi 50, nacho huchemka. Kwa redio ya volti 117, hesabu ya chuma peke yake ingetaka uzishushe hadi 97, ila hapo nyuzi za valvu zinazotaka 6.3 zitapata karibu 5.2, na hiyo ni njaa. Volti 108 zinazipa 5.8, ambazo zinavumilika. Iache iimbe saa nzima, kisha izime, chomoa waya, mwaga chaji na uweke kiganja kwenye transfoma. Ikiwa unaweza kukiacha pale bila kukiondoa kwa maumivu, volti hizo zinaifaa.