Nani aliwaita wageni kilimani?

Mliosikiliza albamu *Rwanda, You Should Be Loved* ya The Good Ones, bendi yetu ya Rwanda, tangu ilipotoka 2019 mnajua ninapoelekea. Adrien Kazigira na Janvier Havugimana wako shambani kwa Adrien, juu kilimani, gitaa na vyombo vya kugonga vya kuokoteza, sauti mbili zilizozoeana kama ndugu wa ziwa moja. Prodyuza Ian Brennan akarekodi palepale. Safi kabisa. Kisha wakakaribishwa wageni: Nels Cline wa Wilco, Kevin Shields wa My Bloody Valentine, Corin Tucker wa Sleater-Kinney na wengine.

Mchuzi ulikuwa umeshaiva. Nani alitaka maji?

Tuangalie kilichoharibika. Wawili hawa hawafuati mdundo wa mashine. Adrien akitaka kulivuta neno analivuta, Janvier anamsubiri, wanakutana mbele. Pale gitaa linaponyamaza ndipo wimbo unapopumua, na anayewazoea husikiliza ukimya ule kwa hamu kuliko hata kiitikio.

Sasa mlete mpigaji aliye ng'ambo ya bahari, ambaye haoni bega la Adrien likipanda kabla ya neno. Atafanya nini? Ama awakimbilie kwa nyuma, kila mara akichelewa kidogo, ama atandaze sauti ndefu isiyohitaji kujua mdundo uko wapi. Akitandaza, ukimya unajaa. Tena gitaa la umeme halisafiri peke yake, linakuja na mwangwi wake. Sikio linajikuta mahali pawili kwa wakati mmoja, nusu kilimani, nusu studio, na kile kilima ndicho tulichokifuata.

Cline ni fundi, sibishi. Lakini fundi wa milango hapewi mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Nashuku majina yalipendwa kuliko sauti. Nimeandika hili mpaka mhariri amenichoka: kolabo ni ugonjwa, na Kigali tunaugua vilevile. Kijana ana wimbo wake mzuri, anahangaika kumpata nyota wa Lagos au Dar aje kuimba ubeti wa pili usiosema lolote. (Na *autotune* juu yake. Basi, leo naliacha.)

Rudini kwenye karahanyuze, nyimbo zetu za zamani. Sikilizeni Orchestre Impala, Sebanani André akiimba: magitaa yanaongea kwa zamu, kila moja linajua lini linyamaze, kwa sababu wapigaji walisimama pamoja wakitazamana. Ndiyo maana katika harusi moja DJ alipomkata Sebanani kabla ya kiitikio niliondoka bila kula keki, na sijamsamehe mpaka leo. Makanyaga Abdoul naye, mtu wa igisope, muziki wa bendi ya moja kwa moja, wa kweli, huwaachia wapigaji wake nafasi, na wakimaliza kusema hurudi bila haraka.

Msinielewe vibaya, ala za kigeni si dhambi. Cécile Kayirebwa ameishi Ubelgiji miaka mingi, na albamu yake *Rwanda* ya 1994 ina ala ambazo bibi yake hakuzijua. Lakini zote zinatembea nyuma ya sauti yake, kwa adabu, kama wasindikizaji wa bibi harusi.

Hata The Good Ones wenyewe wamenipa ushahidi. *Rwanda Sings with Strings* ya 2025 ina fidla na selo, wapigaji wakiwa chumba kimoja nao, hotelini Washington. Wageni vilevile, ila safari hii walioona bega likipanda. Inafanya kazi.

Kwa hiyo asiyeijua The Good Ones akiniuliza aanzie wapi, namtuma kwenye *Kigali Y' Izahabu* ya 2010, kisha namrusha moja kwa moja hadi 2025. Ile ya 2019 ataisikiliza siku Brennan atakapotoa nakala isiyo na wageni. Nitakuwa wa kwanza kuinunua.